Kauli ya Kutendeka

Beji yangu iliandikwa Nestor.
Mimi ni Nestan, lakini kamba yake ilikuwa nzuri, ya bluu,
nikaivaa wiki sita nikiitikia jina la mwanamume.

Gdańsk, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani.
Kampuni yetu huuza sifa njema za watu wengine.
Kazi yangu, mwanagenzi: mkasi, rula, magazeti,
kupima kila habari inayomtaja mteja
kwa sentimita, kisha kutia alama kwenye jedwali.
Chanya. Hasi. Si huku si huko.

Nimetoka Kutaisi na digrii mbili na sanduku moja.
Posho huisha tarehe kumi na nane.
Tarehe kumi na tisa naanza kuipenda mikutano,
maana mikutano ina biskuti.

Kipolandi changu ni cha mtoto wa miaka minne:
nataka, sitaki, nimevunja, baridi.
Zbyszek, wa karibu na mashine ya kahawa,
hunisahihisha kwa upole wa daktari wa meno.

Kisha Ijumaa moja ya Februari, saa tisa alasiri,
mtindi.
Kipande cha kioo ndani ya mtindi wa cheri,
na mdomo wa mtoto, huko Elbląg, mishono miwili.

Simu zote zililia pamoja.
Bi Bogumiła akavua hereni (akivua hereni, jua kuna vita)
akaandika taarifa ubaoni, sisi tukimtazama mgongo:
Chupa ilivunjika. Kasoro ilitokea. Usumbufu ulijitokeza.

Niliisoma mara tatu nikimtafuta mtu.
Hamkuwa na mtu.
Chupa ilivunjika kama mvua inavyonyesha,
kioo kikatumbukia chenyewe, labda kilishikwa na kiu,
na kiwanda, maskini, kilikuwa kimesimama mbali
mikono mfukoni.

Watu mia na arobaini walikuwa wamelalamika;
wa kuwapigia tulikuwa watano.
"Hata Nestor," akasema. "Usome tu kilichoandikwa."

Nilisoma. Naapa nilianza kwa kusoma.
Lakini mama wa mtoto hakunielewa, akaniambia rudia,
na karatasi ikanishinda.
Wanasema ulimi hauna mfupa. Kipolandi kinayo mifupa,
ya samaki, midogo midogo, inayokwama kooni.
Kauli ile ya bwana-hayupo iko sura ya kumi na moja;
mimi nilikuwa sura ya nne.
Nikasema kwa maneno niliyokuwa nayo:
Sisi tumevunja. Sisi hatukuangalia.
Mtoto anaumwa. Mimi naona aibu.

Kimya. Nikasikia friji yake ikinguruma.
Nikasikia kijiko kikigonga kikombe.
Akauliza natoka wapi, na kama huko kuna theluji,
na kama nimekula.
Nikasema, biskuti.

Jumatatu alikuja wakili, koti hakulivua.
Bi Bogumiła hakunifokea; alinitazama tu
kama mtu anayehesabu chenji iliyopungua.
Zbyszek akasogeza kahawa mezani kwangu, akaondoka.

Kisha magazeti, mkasi, rula.
Ukurasa wa tano, na picha ya mtoto anayecheka upande mmoja:
"Alinipigia msichana, mgeni, jina sikulishika.
Alisema, sisi tumevunja.
Kama nitanunua tena? Sijui.
Ila usiku ule nililala."

Sentimita kumi na tisa na nusu.
Niliibandika. Nikafungua jedwali.
Chanya. Hasi. Si huku si huko.
Nje tramu ilipita, ikatetemesha miwani yote ya duka la chini.
Kalamu ikasimama,
hapana:
niliisimamisha.